Wenye kigugumizi ambao muziki ulitufungua ulimi, tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari za jioni. Nimekua na kigugumizi, mpaka leo kipo ila kimepungua sana, nafungua huu uzi maana hili jambo wengi tunakaa nalo moyoni tu.

Neno lililonitesa utotoni ni "shusha". Ile sh inagoma kutoka, mdomo umejikunja, jasho linatoka, konda anaangalia kwingine, kituo kinapita nakiona, nashuka cha mbele narudi kwa mguu na begi la shule.

Sasa huyu Ed Sheeran, mwanamuziki wa Uingereza tunayemjua kwa nyimbo za Perfect na Thinking Out Loud, zile maharusi wanafungulia mziki ukumbini, kumbe naye alikuwa kama sisi. Kazaliwa Halifax mwaka 1991, kakulia Framlingham huko Suffolk, alikuwa na alama kubwa usoni wakawa wanaitoa kwa leza, na mwenyewe alisimulia 2015 kwamba siku moja walisahau kumpaka dawa ya ganzi, kigugumizi anaamini kilianzia hapo. Darasani jibu analo ila halitoki. Akiwa na miaka 9 baba yake akamnunulia The Marshall Mathers LP, albamu ya rapa Eminem, dogo akaikariri yote mpaka anafika miaka 10, na vile Eminem anachana kwa spidi basi ulimi ukafuata mdundo, kigugumizi kikaondoka.

Halafu aisee jamaa alipambana, 2009 peke yake kapiga shoo 312, analala kwenye makochi ya watu. The A Team ikatoka 2011 dunia ikamjua. Julai 2015 akajaza uwanja wa Wembley, London, siku 3 mfululizo, hana bendi, ni yeye na gitaa na kile kidude cha kukanyaga kwa mguu kinachorekodi sauti na kuirudia. Nikiangalia ile video huwa nalia kweli.

Karibuni, nyie ilikuwaje?

#2
Asante mkuu kwa uzi. Mimi ni kwaya. Nikipewa solo sikwami hata neno moja, nikishuka tu mtu akaniuliza jina ndo shughuli. Siku ya kutambulishwa ukweni nilikwama kwenye jina langu mwenyewe mpaka shangazi akanijibia, iliniuma sana maana nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

#3
Kwangu ni kasida. Ustadh alinigundua nikiwa madrasa, akawa ananisimamisha mbele kila Maulidi, namshukuru mpaka kesho.

#4
Jamani mimi ni mama, mwanangu ana miaka 6 na ndo kaanza kukwama, kila mtu ana dawa yake, wengine wananiambia nimkaripie ataacha. Nifanyeje?

#5
Dada usimkaripie na usimmalizie neno, hata kama unajua anachotaka kusema. Mwangalie usoni, subiri. Ukiweza mpeleke kwa wataalamu wa matamshi hospitali kubwa mapema. Na mwache aimbe, hata chooni mwache aimbe.

Mimi mwenye uzi nilianza kuzivuta herufi kama naimba. Nilikuwa form two, jioni gari limejaa, kituo kinakaribia nikavuta pumzi nikasema "shuuusha". Imetoka. Konda akagonga bodi mara mbili gari ikasimama, nikashuka pale pale kwetu.