Misaada ya mafuriko ipite kamati, au iende chumbani kwa aliyekumbwa?

Wadau wa Mwanza, naomba tulijadili hili kabla masika hayajachanganya.

Mvua kubwa ikinyesha, maji yanaporomoka kutoka kwenye milima yetu ya mawe, Mto Mirongo unafurika na watu wa Mabatini wanaamkia ndani ya maji. Hazipiti siku nyingi, vikundi vya kujitolea vinafika: vya makanisa, vya misikiti, wanachuo, vijana wa Msalaba Mwekundu. Na hapo ndipo ubishi unapoanza. Kuna wanaosema kila kitu kikabidhiwe ofisi ya mtaa, kamati ya maafa ndiyo igawe. Wengine wanasema peleka mkononi kwa mwenye shida, basi. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa sharti.

Hoja ya kamati si ya kupuuza. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeziweka kamati hizo kuanzia taifa mpaka ngazi ya chini kabisa, na bila mtu wa kuratibu, nyumba za kando ya barabara hupata magodoro mara mbili huku za uchochoroni zikikosa. Lakini kupita ofisini peke yake hakulindi mali. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina kama la ile rasmi ya kukusanyia michango ya maafa. Baadaye Serikali ikasema wazi kwamba haitamjengea kila mtu nyumba. Familia nyingi zilizodhani michango ile ingewafikia zilijijengea zenyewe.

Kinachonifanya nisiiamini orodha ya ofisini ni wapangaji. Orodha huandikwa kwa nyumba. Nyumba moja Mabatini inaweza kuwa na vyumba sita na familia sita, na jina linaloandikwa ni la mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi Buhongwa na hata kandambili hazijamlowa. Aliyeingia na chepe kutoa tope hawezi kukosea hivyo. Anaona chumba kwa chumba: kitanda kimepandishwa juu ya matofali, godoro limekunywa maji na halitakauka tena, cherehani imeshaanza kutu, na gunia la dagaa walionunuliwa kwa mkopo soko la samaki la Mwaloni limegeuka uvundo. Mama mwenye gunia hilo akipewa kilo tano za unga atashukuru, lakini mtaji wake umekwenda na marejesho ya mkopo yanamsubiri. Anayejua hilo ni yule aliyebeba gunia lile kwenda kulitupa.

Vilevile kazi ya mikono haina haja ya kusubiri makabidhiano. Choo cha shimo kikifurika, kinyesi kinaingia uani na kwenye visima, na kipindupindu hakisubiri mgeni rasmi afike. Kuzoa tope, kupulizia dawa, kugawa vidonge vya kutibu maji: haya yaanze siku ileile, ofisi ipewe taarifa tu. Na jamani, mtu apewe unga wake bila kupigwa picha akiwa ameukumbatia.

Sasa sharti langu. Kikundi kisiingie mtaani bila balozi wa nyumba kumi au mjumbe wa mtaa, kiandike kwa chumba na si kwa nyumba, kisha orodha ya waliopata ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa ili kila mtu aisome. Na kirudi tena baada ya wiki tatu hivi. Wiki ya kwanza misaada inakuwa mingi. Shida huja baadaye, kodi inapodaiwa na biashara imekufa.

Najua kuna mtu atasema tunawalea wavamizi, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ni sahihi, siibishii. Ila mpangaji hakujenga pale. Alifuata chumba anachoweza kukilipia. Na 2020, tena 2024, ziwa lilipanda likawafuata watu majumbani mwao. Kama tunataka watoke bondeni, basi badala ya godoro jipya litakaloloa tena mwakani, kikundi kimlipie kodi ya miezi mitatu huko juu mlimani. Huo nao ni msaada, na nadhani ni bora kuliko mwingi tunaoutoa.

Wajumbe na wenyeviti wa mitaa mlioko hapa: nini kinazuia kuandika wapangaji kwa chumba? Na ninyi mliokumbwa, mlipata nini, kupitia kwa nani, na kiliwafikia baada ya siku ngapi?