Naomba ushauri: uchaguzi mdogo wa Kandara, 1966

Habari zenu ndugu. Nakusanya kumbukumbu za wazee wa Kandara, Murang'a, kuhusu uchaguzi mdogo wa Juni 1966.

Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya, alipojitoa chama tawala cha KANU na kuongoza chama kipya cha upinzani, KPU (Kenya People's Union), katiba ilibadilishwa haraka: mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Viti 29 vilishindaniwa, vya Bunge la Wawakilishi na Seneti. KPU ilipata 9 tu, ingawa jumla ya kura zake ilizidi za KANU. Kinachonikosesha usingizi ni Kandara. Bildad Kaggia, aliyefungwa na wakoloni pamoja na Jomo Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, na mtetezi wa wasio na ardhi, alishindwa nyumbani kwake na Taddeo Mwaura wa KANU. Kwa nini maskini wale wale hawakumchagua?

Nimepitia magazeti ya wakati ule maktabani, lakini yanasimulia viongozi. Sauti ya mkulima haimo. Wazee nao huzungumzia Mau Mau kwa kirefu, nikitaja KPU wananyamaza. Siwalaumu, chama kilipigwa marufuku 1969 na viongozi wake wakawekwa kizuizini.

Je, nianze na swali gani ili mzee asihisi anahojiwa na serikali? Na mliowahi kutafiti kwenye Nyaraka za Kitaifa Nairobi, niombe kwanza majalada ya wilaya au ya uchaguzi?

Natanguliza shukrani.