Tupeane uzoefu: Tuliojiunga na kamati za Tidy Towns kwenye miji midogo ya Ayalandi

Mwana wa Same

Wakuu, salaam. Watu wetu wanaohamia Ayalandi huuliza sana habari za kazi, nyumba na vibali. Sijaona uzi hata mmoja kuhusu jambo ambalo kwangu lilifungua milango kuliko kitu kingine chochote: kamati ya Tidy Towns. Naomba kila aliyewahi kushika toroli na watu wa mji wake aeleze hapa ilivyokuwa.

Kwa wageni wa mada: karibu kila mji na kijiji nchini humu kuna kundi la wakazi wanaojitolea kuokota taka, kupanda maua, kupaka rangi kuta zilizochakaa na kusafisha kingo za mto. Makundi hayo hushindana kitaifa kila mwaka. Shindano lilianzishwa mwaka 1958 na Bord Fáilte, bodi ya utalii ya wakati ule. Hiyo ilikuwa miaka ya dhiki. Katika muongo ule peke yake watu wapatao 400,000 waliihama Ayalandi, wengi wakienda Uingereza, na miji midogo ikabaki na maduka yaliyofungwa. Kwa hiyo mtu asidhani hawa walianza kupanda maua kwa sababu ya utajiri. Walianza wakati vijana wao wanapanda meli.

Mwaka wa kwanza walishiriki 52, na mshindi akawa Glenties, mji mdogo wa kaunti ya Donegal. Siku hizi washiriki wamepita 800. Wamegawanywa kwa idadi ya watu, hivyo kijiji chenye watu chini ya 200 hakipimwi na mji wa maelfu, ingawa tuzo kuu ya nchi anaweza kuibeba yeyote. Abbeyshrule ya Longford, ambayo ni kijiji hasa, iliibeba mwaka 2012.

Mimi niko Roscommon. Nilianza kwa kuwaona wazee watatu wenye vizibao vya njano wakipalilia kwenye kipilefti Jumamosi asubuhi, mvua ile nyembamba ya huku ikinyesha. Nikawauliza kama wanahitaji mtu. Mmoja akanipa jembe la mkono, hakuuliza jina wala kwetu wapi, akanionyesha pa kuanzia. Jina aliuliza wakati wa chai. Kwetu Upare tumekua na msaragambo, kazi ya mfereji au barabara ya kijiji inayofanywa na kila kaya, kwa hiyo mwili wangu ulijua cha kufanya kabla ya Kiingereza changu hakijanyooka. Baada ya hapo nikienda posta au dukani naitwa kwa jina.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote ni ripoti. Wakaguzi hupita kati ya Juni na Julai bila kumwambia mtu. Matokeo yakitoka kila mji hupewa maandishi: alama kwa kila kipengele, sifa pale inapostahili, na mapungufu kwa uwazi kabisa. Ukuta fulani una magugu. Bango la barabara ya kuingilia limefifia. Uwanja wa shule umependeza, endeleeni. Kamati yetu huisoma mstari kwa mstari na hapohapo kugawana kazi za mwaka unaofuata. Nawaza mitaa yetu ya Same ikipata mtu wa nje, asiye na upande, akaiandikia hivyo kila mwaka.

Karibuni.

Bibi Shamba wa Laois

Asante kwa mada, kaka. Mimi ni Mkenya, niko Laois, si mbali na Abbeyleix iliyoshinda tuzo kuu mwaka 2023. Ukifika utaona barabara pana yenye miti, nyumba zilizopakwa rangi vizuri, maua dirishani. Lakini nenda nyuma ya mji ukaone bogi. Huku bogi ni ardhi oevu yenye udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Udongo huo wenyeji wameukata na kuukausha tangu zamani wakaota moto wake majumbani.

Mwaka 2000 kampuni ya serikali ya Bord na Móna, ndiyo mwenye bogi lile, ilikuwa tayari kulikausha ianze kuchimba. Watu wa Abbeyleix wakasimama wakakataa. Mazungumzo yakachukua miaka. Mwisho wake jamii ikakodishiwa eneo kwa miaka 50, mifereji ya kukausha ikazibwa ili maji yarudi, na ikajengwa njia ya mbao ya kupita juu ya tope. Nimeipita na watoto wangu, tukaona mimea midogo myekundu inayonasa wadudu. Nasema hivi kwa sababu wengine wanafikiri Tidy Towns ni vikapu vya maua tu. Kipengele cha viumbe hai na mazingira kina alama zake, na hapo ndipo naona watu wa hapa wamefanya kazi kubwa kuliko rangi zote za madukani.

Halafu niwaambie kilichonigusa mimi binafsi. Siku yangu ya kwanza nilipangiwa kupanda na mama mmoja wa makamo ya nyanya yangu. Aliposikia Kenya akaacha kuchimba. Kaka yake alikuwa padri wa Kiltegan, shirika la wamisionari wa hapa Ayalandi, alikaa Turkana miaka mingi, na barua zake bado anazo. Akaniuliza kama Lodwar kuna joto kweli kama alivyoandika. Mimi ni wa Bungoma, Lodwar nimefika mara moja tu, lakini nilimsimulia ule upepo wa mchana na mchanga wake mpaka tukasahau miche. Tangu hapo kila Krismasi keki yangu inatoka kwake. Masista wa Loreto, mapadri wa Kiltegan, hawa watu wana jamaa zao waliozikwa kwetu. Ukitaja Kenya katika mji mdogo wa Ayalandi, mara nyingi kuna mtu ana picha kwenye kabati.

Mutoto ya Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kituo cha waomba hifadhi, siku ni ndefu sana pale, unangoja barua ambayo haifiki. Mutu akiwa bila kazi anaanza kuona kama hana mikono. Mama mmoja wa kamati alikuja kituoni, akasema Jumanne jioni tunasafisha kando ya mto, anayetaka aje. Tukaenda sita.

Nilimupigia baba yangu simu, nikamueleza. Akauliza: ni salongo? Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa lazima, watu wanatoka kufagia barabara kwa sababu ya kuogopa. Nikamuambia hapana baba, hapa hakuna anayeandika nani hakuja. Hakuamini haraka. Akauliza mara mbili kama kweli hakuna askari.

Kule mtoni tulitoa matairi, baiskeli, toroli za dukani. Gazeti la mji likatoa picha yetu tukiwa na tope mpaka magotini. Sijui kama munaelewa hiyo kitu ilinifanyia nini. Kabla ya pale watu walitutaja "wale wa kituoni". Wiki iliyofuata, kinyozi alinikatalia pesa, akasema wewe ndiye ulitoa ile tairi.

Fundi Mstaafu

Samahani, mimi nina neno tofauti na nalisema kwa nia njema. Nyumba inakatwa kodi ya majengo, duka linalipa ushuru wa halmashauri, na uzoaji wa taka nyumbani tunalipa kampuni binafsi kutoka mfukoni. Kwa nini tena mzee wa miaka 75 ainame barabarani kuokota makopo? Naogopa halmashauri imeshazoea kwamba wazee watafanya. Na wazee hao wanapungua. Kamati ya kwetu wengi wamevuka sabini.

Mtunza Bustani, Meath

Fundi, hoja yako ina uzito, nitamwachia mwenye mada. Mimi nizungumzie nyasi, maana hilo limetaka kuvunja kamati yetu.

Niko karibu na Trim, ule mji wa ngome kubwa ya Wanormani, ulioshinda mwaka 2022. Nilisomea kilimo nyumbani Morogoro. Nilipojiunga, kwa wakongwe wa kamati uzuri ulikuwa nyasi fupi kama zulia na kingo za barabara zilizopigwa dawa ya magugu mpaka zikawa za kahawia. Wakaja vijana na mpango wa kitaifa wa wachavushaji uliozinduliwa mwaka 2015, unaoeleza kwamba theluthi moja ya aina za nyuki wa kisiwa hiki ziko hatarini kutoweka. Wakataka nyasi ziachwe zikue, na yale maua ya manjano ya dandelioni yasiguswe mwanzo wa majira ya kuchipua, kwa sababu nyuki wakitoka usingizini chakula chao kikubwa ni hicho. Ikapigwa kura katika ukumbi wa parokia na watu wakaondoka wamenuna.

Namwelewa mzee aliyepinga. Kwake magugu marefu ni sura ya mji uliokufa, aliuona ukiwa hivyo utotoni. Huwezi kumwambia mtu kwamba alichokionea aibu maisha yake yote sasa ni kizuri, ukategemea akubali jioni moja. Tulichofanya ni kukata mstari mfupi pembeni mwa barabara na njia ya kupita katikati, ili mpita njia aone kwamba eneo lina mwenyewe. Dawa tukaiacha, tunapalilia kwa mkono. Vikapu vya petunia, ambavyo nyuki hapati kitu cha maana, tumevibadili kidogokidogo kwa lavenda na rosemari. Ripoti iliyofuata ikaisifu ile nyasi ndefu, na mzee huyo ndiye sasa anayewaonyesha watoto wa shule nyuki wanene wenye manyoya.

Jambo la sheria, hasa kwa wanaofanya kazi za bustani: ua wa miti haukatwi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, ndege wanatotoa. Mwajiri akikutuma kukata mwezi wa Mei, muulize kwanza.

Dada wa Mombasa

Mimi ni mtu wa taka, maua siyawezi. Wengi hawajui kwamba kinachotushinda zaidi ni vipisi vya sigara. Mfuko wa plastiki sioni kabisa, tangu nchi hii iweke tozo ya senti 15 mwaka 2002 watu waliacha. Na makopo na chupa za plastiki zimepungua machoni tangu Februari 2024, ulipoanza mpango wa kurudishiwa amana: senti 15 kwa ndogo, senti 25 kwa kubwa. Watoto wa mtaani kwetu wanazikusanya kwa ajili ya jezi za timu. Lakini kipisi hakina amana, na kinaingia kwenye nyufa za mawe ambako koleo halifiki. Unapiga magoti. Ukiwa na rafiki yako vipisi vinaisha na hadithi zinaendelea.

Mwana wa Same

Fundi Mstaafu, nimesoma neno lako mara kadhaa na sitaki kulipita juujuu. Ni kweli kazi hii isiwe kisingizio. Kwetu kamati hufanya yote mawili: inaokota, na inaandika barua. Kila taka haramu iliyotupwa porini inapigwa picha na kupelekwa halmashauri, na wao ndio wanaoibeba. Nyumba zilizoachwa tunazifuatilia vilevile. Serikali sasa inatoa ruzuku ya hadi euro 50,000 kukarabati nyumba tupu, na hadi 70,000 kama ni gofu, na kamati yetu iliwatafuta wenye nyumba mmoja mmoja kuwaeleza. Mbili zina watu leo. Halmashauri peke yake isingewajua wale warithi walioko Birmingham, lakini mama wa kamati alisoma nao.

Hilo la wazee ndilo linaloniuma. Ndiyo sababu nimeanzisha uzi huu kwa Kiswahili.

Mgeni Tralee

Nimesoma yote. Nimefika Kerry miezi ya karibuni, sijui nianzie wapi. Lazima niwe na makaratasi fulani? Kiingereza changu cha wastani.

Bibi Shamba wa Laois

Karibu sana, mdogo wangu. Hakuna karatasi ya kuonyesha ili kuokota taka na kamati. Angalia ubao wa matangazo kanisani, maktabani au dukani, siku na saa huandikwa hapo. Usipoona, piga halmashauri ya kaunti uulizie afisa wa uelimishaji wa mazingira, kila kaunti anaye, atakupa namba ya kamati. Kama hutaki kujitambulisha mara moja, subiri Aprili, mwezi wa usafi wa kitaifa unaoratibiwa na shirika la An Taisce. Makundi hupewa mifuko na glavu bure, na watu ni wengi, mgeni haonekani.

Vaa viatu vya mpira na koti la mvua. Na kaa mpaka chai, usikimbie. Kerry ina Listowel iliyoshinda 2018, si mbali nawe, mwombe mtu wa kamati mwende wote mkaitazame.

Mutoto ya Bukavu

Tralee niko na binamu. Ntakutumia namba yake, anakwendaga kila Jumatano.