Naomba ushauri: ndama wachanga wanaharisha na oksitetrasaiklini haiwasaidii tena

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, ninafuga ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, na ndama wangu huanza kuharisha maji ya njano kabla ya kutimiza siku 4, umri ambao bakteria aina ya E. koli hushukiwa kwanza. Oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria (antibiotiki) ambayo huku hutumika karibu kwa kila ugonjwa, haiwasaidii tena. Nimeshauriwa nibadilishe dawa, lakini sioni busara ya kubahatisha, kwa kuwa bakteria hupeana vinasaba vya usugu dhidi ya dawa hata wakiwa wa aina tofauti, na kila dawa inayotumiwa ovyo huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Kwa sasa ninawapa maji yenye chumvi na glukosi, maana kinachoua ndama upesi ni kupungukiwa maji mwilini, na ninahakikisha wananyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, ndani ya saa 6 za kwanza.

Je, sampuli ya kinyesi ihifadhiweje ili ifike salama katika kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilichoko Iringa, ipimwe ni dawa ipi bado inafanya kazi? Na je, yupo aliyewahi kuwachanja ng'ombe wenye mimba kubwa ili kinga ipitie kwenye dang'a?