Naenda kongamano la waandishi na mabloga wa vitabu vya watoto, na mwandishi niliyemponda naye yumo

kalamu_butu
Wakuu habari za saa hizi, naomba ushauri wa haraka maana ni wikendi hii hii. Nina blogu ya kuhakiki vitabu vya watoto, mwaka wa tatu sasa, nilianza kwa sababu mwanangu alikuwa anataka hadithi ile ile kila usiku mpaka sentensi zake zikaanza kunikera, nikaona bora niandike zinanikera kwa nini. Sasa nimejisajili kongamano, jumamosi na jumapili, waandishi na mabloga pamoja, ndio mara yangu ya kwanza. Shida mbili. Kuna mwandishi kitabu chake cha mashairi nilikiandikia kwamba vina vimelazimishwa na kwamba mtoto wangu alilala ukurasa wa 9. Nimeangalia ratiba, yumo. Na sio yumo tu, ndiye anaongoza mada niliyokuwa naisubiri kuliko zote, ya kusoma kwa sauti. Niikwepe? Nifute ile posti kabla hajaiona? Ya pili, nina mswada wangu wa kitabu cha picha, niubebe niwape wachapishaji au ndio ushamba wenyewe? Mnijibu bila kunicheka. Au mcheke ila mnijibu.

msomaji_wa_usiku
Hahaha ukurasa wa 9 kabisa, umehesabu 😂

Usifute. Kwanza kashaiona, waandishi wanatafuta majina yao mtandaoni kuliko wanavyokiri. Pili ukishafuta moja kwa ajili ya aibu, wasomaji wako watajuaje zile zilizobaki hukuziandika kwa ajili ya urafiki? Ila iangalie upya, kama kuna mahali ulimsema yeye badala ya kitabu, hapo rekebisha na useme umerekebisha. "Vina vimelazimishwa" ni kuhusu kitabu, hiyo iache ilivyo, na mada nenda.

ChoraTu
Mi nachora vitabu vya watoto so nijibu la mswada. Usibebe. Hakuna mhariri anayetaka kurudi na begi la makaratasi ya watu, atakuambia tuma kwa imeli na hapo anakuwa mpole tu. Na usimvizie mtu kwenye foleni ya chai jamani, nishaona mtu anasimuliwa hadithi nzima ya sungura kikombe kiko mkononi kinapoa.

Bora kabla ya jumamosi ufanye hivi. Chukua karatasi za kawaida, kunja, tengeneza kijitabu cha kurasa 32, halafu gawanya maneno yako humo. Vitabu vya picha vingi ni 32 kwa sababu ya mashine, lile karatasi kubwa la kuchapia likikunjwa linatoa mafungu ya kurasa 8 au 16, kwa hiyo hesabu lazima igawanyike. Ukitoa kurasa za mwanzo na mwisho, kama ule wa jina la kitabu na ule wa haki za mwandishi, unabaki na kama 24 mpaka 28 za hadithi yenyewe. Hapo ndo utaona kama una kitabu au una insha ndefu. Kila mtoto anapofungua ukurasa lazima kuwe na sababu ya kufungua, swali, mlango, mkia unaochungulia pembeni, kitu. Maneno yasizidi sana 500, mengi sisi wachoraji tunayasema kwa picha, ukiandika "alivaa kofia nyekundu" na mimi nimechora kofia nyekundu mmoja wetu kafanya kazi ya bure.

Na kama umeshaanza kutafuta mchoraji wa kumlipa mwenyewe, ngoja kwanza. Wachapishaji wengi wakubwa wanachagua mchoraji wao wenyewe. Ukiamua kujichapishia hiyo ni habari nyingine.

Bi_Kurasa
Mwanangu karibu sana, mimi nimeshahudhuria haya na kuyaandaa pia, mpaka miguu inauma. Usiyachanganye na maonyesho kama ya Bologna kule Italia, yale yapo tangu miaka ya 60 na ni soko la kununua na kuuza haki za vitabu, watu wana miadi toka asubuhi mpaka jioni. Haya ya wikendi ni madogo, asili yake ni mabloga wenyewe. Kule Marekani walianzisha tuzo yao ya vitabu vya watoto, Cybils, 2006, mwaka uliofuata wakakutana Chicago kwa mara ya kwanza, watu waliokuwa wanajuana kwa maandishi tu. Ndio maana nakwambia kwenye beji yako andika jina la blogu kubwa kuliko jina lako, hakuna atakayekujua kwa jina la ubatizo.

Utapewa vitabu, vingi. Vile vya kabla ya kutoka rasmi vimeandikwa kwenye jalada kwamba havijamaliza kusahihishwa, basi usinukuu sentensi humo kabla hujalinganisha na kitabu chenyewe kikitoka, maana sentensi uliyoisifia huenda mhariri ameshaifuta. Na kitabu ulichopewa bure kitaje kwenye uhakiki wako kwamba ulipewa, sehemu nyingine ni sheria kabisa, lakini hata pasipo na sheria msomaji ana haki ya kujua. Kupewa sio deni, usiandike uongo kwa sababu ulipewa mfuko wa kitambaa na kalamu.

La huyo mwandishi, nenda kamsalimie wewe kwanza. Ukimkwepa siku mbili kwenye jengo moja utachoka bure, mtakutana chooni.

mdau_mtazamaji
Mie nimekaa hapa nasubiri mrejesho, mtu asisogeze kiti

kalamu_butu
Nimerudi, jumapili usiku, sauti imekauka. Mada nilienda, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Si akasema anataka mtu asome ukurasa mmoja wa kitabu kipya ambacho bado hakijatoka, mtu yeyote, kwa sababu mwandishi akisoma mwenyewe ulimi unajua pa kubana na pa kuvuta hata kama mistari mibovu, asiyeijua ndio atajikwaa. Akanichagua mimi. Nikajikwaa mara mbili, akachukua penseli akaweka alama pale pale, hakubishana. Aisee nilijisikia vibaya kuliko angenitukana.

Mapumziko nikamfuata nikamwambia mimi ndio wa blogu fulani. Akaangalia beji akasema aah, wa ukurasa wa 9! Halafu akaniuliza, kwani hicho kitabu si cha kusomea watoto wakati wa kulala, sasa mtoto akilala kosa langu liko wapi? Nikakosa jibu mpaka sasa. Vina akakubali, sio vyote, vile vya mwanzo anavitetea na tukabishana mpaka kengele ya mada nyingine ikalia.

@ChoraTu kijitabu nilikunja. Hadithi yangu inaisha ukurasa wa 14, kuanzia hapo mama anamweleza mtoto maadili mpaka mwisho wa kitabu. Nilimsomea jirani yangu wa kiti, mwandishi naye, nilipofika 17 akauliza kwa adabu kama kuna kurasa zimebandikwa kimakosa.

ChoraTu
😂😂 basi una kurasa 14 nzuri. Ziachie nafasi, kuna ambazo zinataka picha tupu bila neno. Nitumie inbox nikuangalizie bure, ila mama asiongee.

kalamu_butu
Mama nimeshamnyamazisha. Sasa hivi vitabu 11 nilivyopewa nani aniambie navisoma lini, na vitatu mwanangu ameshavichukua hata sijaviona jalada.