Tupeane uzoefu: kuzunguka vijiji vya Japani na marafiki, wengine kwa baiskeli na wengine kwa gari

Mwenye mada (Morogoro)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa masimulizi ya waliowahi kupita mashambani kwa Wajapani wakiwa kundi moja lenye vyombo viwili. Maelezo mengi niliyoyapata kabla ya safari yetu yalihusu Tokyo na Osaka, wala sikupata wa kunieleza watu wa baiskeli na mtu wa gari hukutana vipi njiani. Naanza mimi.

Tulikuwa wanne, marafiki tangu sekondari. Tuliondoka Onomichi, mji wa bandari katika mkoa wa Hiroshima, tukielekea Imabari katika kisiwa cha Shikoku kwa njia iitwayo Shimanami Kaido. Ina urefu wa kilomita 70 hivi na hupita katika visiwa sita vilivyounganishwa kwa madaraja, ambayo ya mwisho yalifunguliwa mwaka 1999. Wenzangu watatu walipanda baiskeli, nami niliyekuwa na maumivu ya goti nikachukua gari na mizigo. Mpanda baiskeli hapotei huko, kwa kuwa mstari wa buluu umechorwa kando ya lami na kumwongoza kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Tulichokosea ni kudhani kwamba, kwa vile daraja ni moja, tungekuwa tukionana. Gari hupita kwenye barabara kuu ya kulipia, na juu ya daraja hairuhusiwi kusimama. Baiskeli zina njia yake ya kupandia, inayozunguka polepole katikati ya mashamba ya machungwa na malimau ili mwinuko usiwe mkali, na katika daraja la Innoshima hupita chini kabisa ya sakafu ya magari. Nilikuwa nikivuka kwa dakika mbili, kisha nakaa saa nzima ng'ambo nikiwasubiri.

Walipofika daraja la Tatara wakanipigia simu. Chini ya nguzo ya daraja hilo ukipiga makofi, sauti hupanda juu kwa mwangwi unaotetemeka, na wenyeji huuita joka linalolia. Waliniwekea simu karibu na nguzo ili nami nisikie, lakini nilichokisikia ni makofi matupu na vicheko vyao. Nilikuwa nimeegesha upande wa kisiwa cha Omishima, daraja zima nikiliona mbele yangu, na niseme kweli kwamba niliumia moyo. Jioni tuliongea, tukakubaliana kwamba usukani ubadilishwe kila siku na kwamba mahali pa kukutania pawe kituo cha mapumziko cha barabarani, ambacho Wajapani hukiita michi-no-eki. Pana maegesho, vyoo safi na mazao ya wakulima wa hapo, na asubuhi yake nilikwenda kwa miguu hadi kwenye nguzo ile, nikapiga makofi yangu mwenyewe.

Mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Bristol

Ahsante, kaka. Hilo la kubadilishana usukani ni jema, ila linataka leseni, na hapo ndipo sisi tulipokwama. Japani hukubali leseni ya kimataifa iliyotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949. Rafiki yetu mmoja alikuja na ile ya mkataba wa 1968, akakataliwa pale pale kwenye kaunta ya kukodi gari, na hivyo nikaendesha peke yangu siku nane. Tafadhali, kila mmoja wenu aikague leseni yake kabla ya kununua tiketi.

Kuendesha kwenyewe hakumsumbui mtu wa kwetu, kwani magari hupita kushoto. Shida ni bonde la Iya, katikati ya milima ya Shikoku, ambako barabara hubana hadi ikatosha gari moja tu, na kwenye kona umewekwa kioo cha duara ili umwone anayekuja. Mara tatu nilirudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, huku wenzangu wa baiskeli wameshuka na kuniongoza kwa mikono. Siku hiyo wao ndio walionisaidia mimi. Chukueni kigari kidogo chenye namba za njano, injini yake haizidi cc 660, na msiache tangi lishuke chini ya nusu, kwa sababu vituo vya mafuta vya vijijini hufunga mapema na vingine havifunguliwi Jumapili. Bomba la petroli ya kawaida ni lile jekundu.

Kijana wa Tanga

Nami niongeze dogo. Gari la mjomba wangu, lililokuja likiwa limeshatumika huko Japani, limekuwa likisema maneno kwa sauti ya mwanamke kila linapowashwa, na hatukuwahi kujua linasema nini. Tulipowasha gari la kukodi, sauti ikawa ile ile! Rafiki yetu anayesoma huko akanitafsiria: kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Basi iulizieni kadi hiyo mnapokodi, maana bila yake mtalipa taslimu kwenye vizuizi.

Mwanafunzi wa zamani, Matsuyama

Wapendwa, kosa letu lilikuwa mfuko. Baiskeli haiingii kwenye treni ya kawaida mpaka ifunguliwe magurudumu na kufunikwa yote ndani ya mfuko wake. Mwenzetu alipopata pancha mbili karibu na stesheni ndogo, mfuko ulikuwa garini, na gari lilikuwa limetangulia kilomita 40. Tulingoja jukwaani hadi giza likaingia. Tangu hapo mfuko na gundi ya pancha hukaa kwenye baiskeli, si kwenye gari. Kumbukeni pia kwamba tangu Novemba 2024 sheria imekuwa kali zaidi, na anayeshika simu huku akiendesha baiskeli anaweza kutozwa faini ya hadi yeni 100,000 au kufungwa. Simameni kwanza, ndipo mumpigie mwenye gari.

Mwenye mada

Dada wa Bristol, mlikwenda Iya mwezi gani, na mliwezaje kufika kabla ya giza?

Mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Bristol

Novemba, kaka. Jua lilizama karibu saa kumi na moja jioni. Vijiji vingi vina vipaza sauti ambavyo saa hiyo hupiga wimbo mfupi wa kuwaita watoto nyumbani, nasi tukaufanya wa kwetu: ukisikika, kila aliye kwenye baiskeli husimama alipo, huwasha taa, hutuma mahali alipo, nami huwafuata mmoja mmoja hadi wote wanne tuwe garini.