Mrejesho: ile mandolini ya zamani isiyo na lebo

Nashukuru kwa majibu. Niliuliza kuhusu mandolini (chombo kidogo cha muziki chenye nyuzi) ya bei nafuu yenye matundu ya umbo la f, jina limefutika, muuzaji akitaka dola 200. Sasa imetambulika: ni ya kampuni ya Harmony ya Chicago.

Muhuri wa wino umo ndani, mgongoni. Ingiza mwanga wa simu tundu moja, chungulia kwa lingine. Unasomeka F-58: herufi (F au S) ni sehemu ya mwaka, tarakimu ni mwaka, yaani 1958. Namba inayofuata herufi H ni ya modeli.

Bei inaamuliwa na shingo. Bana uzi kwenye freti (vipande vya chuma vilivyokingama shingoni) ya kwanza na ya mwisho, tazama nafasi kati ya uzi na freti za katikati: ikiwa kubwa, shingo imepinda. Kisha pima kimo cha nyuzi freti ya 12. Hii ilikuwa na milimita 4, kimo kikubwa, na daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya kasha) limeshushwa hadi mwisho, haliwezi kushuka zaidi. Hapo ndipo penye hasara, maana shingo haina chuma cha kurekebishwa, na kuing'oa na kuipachika upya hugharimu kuliko chombo chenyewe. Funguo ngumu za kukazia nyuzi ni tone la mafuta tu. Daraja lililosogea halikupunguzii bei: halikugandishwa, ni kulirudisha mpaka umbali wake na freti ya 12 ulingane na ule wa freti hiyo hadi kizingiti cha nyuzi, pale shingo inapokutana na kichwa.

Linganisha na bei zilizouzwa kweli, si zilizotangazwa. Tumekubaliana dola 70. Nyuzi za kuifunga ni nyepesi, ile nyembamba zaidi ikiwa na unene wa inchi 0.010, zenye kitanzi mwishoni. Nzito zitaivuta zaidi shingo hiyo.